Daktari wa Ngozi Anayepokea Kadi

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu sheria inataka jina lake litamkwe mtu akiwa amesimama wima, mkono kifuani, na mimi naandika nimeketi. Itoshe kusema ni nchi yenye afya njema. Waziri wake amelitangaza jambo hilo mara nyingi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kupewa kipaza sauti ili ambishie.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kilemba, aliishi msusi mmoja aliyeitwa Sikudhani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na vidole vyake vilisifika kote. Bibi harusi wa Kilemba ambaye hakuketi kwenye kigoda cha Sikudhani alihesabiwa kuwa ameolewa kwa haraka.

Kisha mikono ikaanza kumgeuka. Kwanza iliwasha kati ya vidole. Yakafuata malengelenge madogo, yakapasuka, na ngozi ikakauka na kuchanika mpaka akawa hawezi kukunja ngumi. Akisuka, damu ilichirizika kwenye rasta za watu. Akinawa, alilia.

Mteja wake wa siku zote, Mama Shukuru, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alikuja asubuhi, akaitazama mikono ile, akakifunga tena kitambaa chake kichwani.

"Sikudhani dada yangu, usinifikirie vibaya. Najua si ukoma."

"Si ukoma, mama. Keti nikusuke."

"Najua. Lakini wenzangu kazini hawajui. Ukishapona nitakuja, wallahi nitakuja."

Wengine hawakusumbuka kuaga. Kigoda kikakaa kitupu barazani, na kuku wa jirani akaanza kukipanda bila hofu.

Msomaji asiingiwe na huzuni mapema. Sikudhani alikuwa na kadi.

*

Kadi ya Bima ya Afya ya Taifa ilikuwa fahari ya nchi. Kila raia alikatwa mchango wake kabla hajala, na aliyechelewa kulipa alifuatwa nyumbani na gari lenye king'ora, ili ajue serikali inavyomjali. Upande mmoja wa kadi kulikuwa na picha ya mwenye kadi, ndogo kama punje ya mahindi. Upande wa pili, wote mzima, kulikuwa na picha ya Mheshimiwa Bonaventura Kishindo, Waziri wa Afya na Shukrani. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ilipogundulika kwamba baadhi ya watu walikuwa wakitibiwa na kuondoka bila kusema asante.

Mheshimiwa Kishindo aliizindua kadi uwanjani, mbele ya halaiki, na hotuba yake ilisomwa redioni kila Jumapili.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Ngozi ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote alivyo navyo raia. Ngozi ndiyo mpaka wa mtu, kama vile nchi ilivyo na mpaka wake. Je, serikali yangu inayolinda mipaka inaweza kuiacha ngozi?"

"Haiwezi!" umati ukajibu.

"Basi na ngozi imo!"

Watu walishangilia. Hakuna aliyeuliza imo wapi.

Sikudhani alikuwa miongoni mwa walioshangilia, na hotuba ile aliikumbuka. Akaivaa kanga yake nzuri, akaichukua kadi, akaenda kliniki ya ngozi iliyokuwa karibu na soko la Kilemba. Mlangoni palikuwa na bango kubwa la buluu: KADI YA TAIFA INAPOKELEWA HAPA. Moyo wake ukatulia. Dada wa mapokezi aliinyoosha mikono yote miwili, akaipokea kadi, akaitazama mbele na nyuma, akaipangusa vumbi, kisha akamrudishia.

"Karibu tena, mama."

"Daktari nitamwona saa ngapi?"

"Daktari hatibu kwa kadi."

"Na bango je?"

"Bango linasema tunapokea," dada akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo sana. "Na tumeipokea. Wapo wenzetu huko mjini hata kuishika hawaishiki."

Sikudhani alikwenda kwa hao wenzao wa mjini, na kweli hawakuishika. Akaenda hospitali ya rufaa. Dirishani akaambiwa kwamba ngozi iko nje ya mwili, hivyo ni jambo la idara ya wagonjwa wa nje. Idara ya wagonjwa wa nje ikamtazama mikono na kusema hilo ni suala la urembo, na bima hailipii urembo.

"Urembo?" Sikudhani akainua viganja vilivyochanika. "Huu ndio urembo?"

"Ukosefu wa urembo," mganga wa zamu akarekebisha. "Ndiyo maana unautafuta. Ingekuwa unaumwa ndani ya mkono, tungekusaidia leo hii."

Mimi nikiwa raia mtiifu, naona mganga yule alikuwa na hoja. Hata hivyo, Sikudhani alitoka pale akiwa na hasira, na hasira ndiyo iliyompeleka mahali ambapo watu wenye busara hawaendi: Makao Makuu ya Mamlaka ya Bima.

*

Makao Makuu yalikuwa jengo refu la vioo, refu kuliko hospitali zote za nchi zikipangwa moja juu ya nyingine. Kwenye dirisha la maulizo aliketi bibi mmoja mwenye miwani ya mnyororo, anakula karanga.

"Namtafuta daktari wa ngozi anayetibu kwa kadi," Sikudhani alisema. "Mmoja tu. Hata akiwa mbali nitakwenda."

Bibi akabonyeza kompyuta yake, akatafuna, akabonyeza tena.

"Yupo. Daktari Haruni Kiwambo. Bingwa kabisa, alisomea ng'ambo."

"Alhamdulillahi! Yuko wapi?"

"Humu humu. Ghorofa ya juu."

Sikudhani alitaka kumbusu kupitia tundu la kioo. "Anatibu humu?"

"Hatibu. Alikuwa anatibu, tena vizuri mno, ndipo akapandishwa cheo. Sasa ni Mkurugenzi wa Upatikanaji wa Madaktari."

"Basi nipande nikamwone."

"Hapatikani," bibi akasema, akachagua karanga nyingine. "Yuko kwenye warsha ziwani. Na hata akiwepo hapatikani."

Sikudhani alisimama pale akiyashika maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Wengine wangerudi nyumbani. Yeye aliuliza ziwa gani, akaondoka kwenda huko, kwa sababu kigoda kilikuwa kitupu na nyumbani hapakuwa na lolote la kumrudisha.

*

Hoteli ya ziwani ilikuwa imepambwa kwa bendera, na juu ya lango palitundikwa kitambaa: WARSHA YA KITAIFA YA KUMFIKIA ASIYEFIKIKA. Walinzi walikuwa wamepewa amri ya kutomruhusu yeyote asiyefikika kukaribia. Walikuwa wakimsukuma Sikudhani arudi barabarani pale alipotokea Bwana Pazi Mwinyikondo, Ofisa Uhusiano wa Mamlaka, mwenye suti ya kung'aa na jasho usoni.

Bwana Pazi alikuwa mashakani. Ratiba ilimtaka Waziri apige picha na mwananchi wa kawaida. Mwananchi huyo alikuwa amechaguliwa tangu zamani na kulipiwa nauli, lakini alipofika langoni walinzi walimwona ni wa kawaida mno, wakamfukuza, na sasa hajulikani alipo.

"Wewe mama! Una kadi?"

"Ninayo."

"Wewe ni wa kawaida?"

Sikudhani akajitazama. "Sijawahi kuambiwa vingine."

"Njoo. Utakaa jukwaani. Usiseme kitu. Shukuru kwa uso tu."

Ndivyo Sikudhani alivyojikuta mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu waliokuwa wakinywa maji ya chupa kwa niaba ya wenye kiu. Meza kuu alikaa Mheshimiwa Kishindo, na pembeni yake mtu mwembamba mwenye mvi, ametazama chini, anachora chora kwenye karatasi. Mbele yake kibao kilisema: Dkt. H. Kiwambo, Mkurugenzi.

Waziri alihutubia kwa muda mrefu. Alieleza kwamba magonjwa ya ngozi yamepungua, kwani hakuna anayekwenda hospitali kuyaripoti. Alipomaliza, alimgeukia mwananchi wa kawaida, akaunyoosha mkono kwa ajili ya kamera. Sikudhani naye akautoa wake. Mheshimiwa aliuona. Mkono wake ukasita hewani, ukapanda juu, ukajifanya unapungia watu wa nyuma.

Ukumbi ukapiga makofi. Mtu mwembamba peke yake hakupiga. Alikuwa ameacha kuchora. Alikuwa anaitazama mikono ya Sikudhani kama mlaji anavyotazama sahani baada ya mfungo mrefu, na kabla itifaki haijamwelewa, alikwisha kusimama, akazunguka meza kuu, akamshika msusi kiwiko na kumpeleka dirishani kwenye mwanga.

"Inawasha?" aliuliza taratibu.

Sikudhani alifungua mdomo kujibu, lakini kilio ndicho kilichotoka. Katika safari yake yote hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Inawasha, daktari. Inaniamsha."

"Ilianzia wapi? Hapa, kati ya vidole? Hebu geuza." Aliigeuza mikono ile bila glavu, bila kinyaa, kidole kwa kidole. "Kazi yako nini?"

"Msusi."

"Kuna dawa ya nywele uliyobadilisha? Jeli mpya, kitu chochote?"

"Ipo jeli moja ya kopo la kijani. Wateja wanaipenda, inanukia."

"Hiyo ndiyo inayokula mikono yako. Itupe, usiiguse tena hata kwa bahati mbaya. Nitakuandikia dawa ya kupaka, si ghali. Upake na mafuta mazito kila ukinawa, uvae glavu za pamba ndani ya za mpira ukifua. Ngozi itarudi." Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake ya ukurugenzi. "Mama, unaitwa nani?"

"Sikudhani."

"Bi Sikudhani, unajua ni muda gani sijashika ngozi ya mgonjwa? Huko juu wananipa chati. Chati hazina hata upele."

Mbele ya wageni, mbele ya kamera na mbele ya Waziri mwenyewe, mwananchi alikuwa ametibiwa.

*

Kamati ya Nidhamu ilikaa bila kuchelewa, jambo ambalo wagonjwa wengi walilisikia kwa wivu. Mkurugenzi alishitakiwa kwa kutoa huduma pasipo idhini, na kwa kuvuruga warsha ya huduma kwa kutoa huduma. Sikudhani aliitwa kama kielelezo. Mwenyekiti, mzee mmoja aliyezungumza huku amefumba macho, alimwamuru aionyeshe mikono ili Kamati ione ubaya uliotendeka.

Sikudhani akaionyesha. Ilikuwa laini. Mistari myekundu imefungana, kucha zinang'aa, na usiku uliopita alikuwa amemsuka Mama Shukuru mistari ya kisasa iliyomfanya apungue miaka.

Mwenyekiti akafumbua macho. "Ugonjwa uko wapi?"

"Umepona, mzee."

"Kwa ruhusa ya nani? Unaweza kuirudisha ilivyokuwa, angalau mpaka kikao kiishe?"

"Siwezi, na hata nikiweza sitaki."

"Andika," mwenyekiti akamwambia karani. "Shahidi ameharibu ushahidi."

Bwana Pazi, aliyeyaongoza mashitaka, alidai adhabu ya mfano. Akaorodhesha: mshitakiwa anyang'anywe cheo, gari, zulia na mtu wa kumfungulia mlango, apelekwe Mkiani, mwisho wa barabara ya mwisho, na huko, kwa maisha yake yote ya utumishi, atibu watu.

"Una la kujitetea?" mwenyekiti akauliza.

Daktari Kiwambo aliinamisha kichwa. Waliokuwa mbali walidhani analia. Sikudhani alikuwa karibu, na aliona mtu anayeng'ata midomo ili asicheke.

"Nastahili," alisema.

*

Mkiani palikuwa na kituo cha afya chenye vyumba viwili na paa linalolia upepo ukivuma. Katika miaka yote, Mamlaka ilikuwa imekisahau kiasi kwamba haikukumbuka hata kukiondoa kwenye bima. Kwa hiyo siku daktari alipofungua mlango, kadi ilifanya kazi. Mtu aliitoa, akatibiwa, akaenda zake. Mgonjwa wa kwanza, mchoma mkaa mwenye mapunye, hakuamini. Alirudi kesho yake kuuliza kama hakuna mtego.

Habari zilitembea. Watu walikuja kwa malori ya mkaa, kwa baiskeli, kwa miguu, wakiwa na vipele, mabaka, vidonda, na mambo waliyoyaficha chini ya nguo kwa aibu ya miaka. Sikudhani naye alikuja. Alisema amekuja kumsalimia daktari, akaona foleni, akaona vichwa vyote vile vimekaa bure juani, akatuma nyumbani aletewe kigoda. Akawa anasuka barazani. Wanawake waliingia kwa daktari wameinama, wakatoka na dawa, wakamalizia kwa Sikudhani, na waliporudi kwao waume zao waliwapisha njia kama wageni.

Kule Makao Makuu kengele ya hatari ililia. Wataalamu waliwasilisha taarifa kwa Waziri.

"Mheshimiwa, kadi inatumiwa vibaya."

"Vibaya namna gani?"

"Wanaitumia."

Mheshimiwa Kishindo hakuwa mtu wa kutapatapa. Kumfukuza daktari kungezua maneno, na kukifunga kituo kungemharibia hotuba ya Jumapili. Alichagua silaha ambayo haijawahi kumwangusha. Alimpandisha cheo: Mkurugenzi Mkuu wa Ngozi za Taifa, ofisi mpya, gari jipya, zulia la kuzamisha viatu.

Bwana Pazi ndiye aliyepeleka habari hizo njema. Gari jeusi lilisimama mbele ya kituo asubuhi, vumbi likatanda, foleni ikakohoa. Daktari alitoka na glavu mikononi, akasikiliza, akapauka.

"Bwana Pazi, ninyi si mlinihukumu maisha?"

"Serikali ina huruma, daktari. Umesamehewa."

"Naomba nisisamehewe."

"Haliwezekani hilo. Amri ni kwamba ukabidhi kituo leo. Nakusomea." Bwana Pazi akakohoa, akasimama wima. "Mteule atakabidhi kituo na kuondoka mara tu mgonjwa wa mwisho aliyemo foleni atakapohudumiwa. Ni marufuku kuondoka palipo na foleni, ili wapiga picha wa magazeti wasipate la kupiga. Kwa amri ya Mheshimiwa Waziri."

Aliisoma kwa sauti nzuri, yenye kusikika. Sikudhani, aliyekuwa katikati ya kichwa cha mama mmoja, aliisikia mpaka mwisho. Mikono ikasimama kwenye nywele.

"Rudia kidogo hapo, bwana mkubwa," alisema. "Mgonjwa wa mwisho?"

"Wa mwisho aliyemo foleni, mama. Sheria ni sheria."

"Vizuri." Akafunga fundo, akampigapiga yule mama begani. "Inuka, nitakumalizia baadaye."

Akainuka naye. Akajipangusa kanga, akatembea polepole mbele ya gari jeusi, akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho. Yule mama aliyesukwa nusu kichwa, ambaye alikwisha kutibiwa tangu asubuhi, alimtazama, akamfuata, akasimama nyuma yake. Mchoma mkaa alikuwa anatoka kituoni na dawa yake mfukoni. Alitazama foleni, akatazama gari, akaelewa, akaenda mwisho.

Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imepita kisima na kuingia mashambani. Aliyehudumiwa aliizunguka nyumba na kutokea mwisho. Watu wa Mkiani ambao hawajaugua tangu wazaliwe walikuja na mikeka na vyungu vya uji. Bwana Pazi alitembea huku na huko juani, suti imempauka kwa vumbi, akimhoji mmoja mmoja.

"Wewe mama! Mikono yako naijua mimi, imepona. Unaumwa nini?"

"Sijui," Sikudhani akamjibu. "Ndiyo maana nimekuja kwa daktari."

"Huu ni uasi!"

"Huu ni msururu, baba. Kama unataka kupita, anzia nyuma."

Bwana Pazi alirudi kwenye gari ili akapige simu Makao Makuu, akaulize kama sheria ina mwisho. Akakuta mlango u wazi na usukani hauna mtu. Dereva wake alikuwa amevua kofia na kuishika kwa adabu, amesimama nyuma ya bibi mmoja mwenye kikapu.

"Na wewe!" Bwana Pazi akafoka. "Na wewe umefuata nini huko?"

"Nina mba, bosi," dereva akasema, akiinamisha kichwa amwonyeshe. "Zimenisumbua tangu nianze kazi Wizara ya Afya."

Daktari Kiwambo alitokeza mlangoni. Aliutazama msururu ule tangu kwenye ngazi mpaka ulikopotelea kwenye mihogo. Kisha akavaa glavu mpya.

"Anayefuata!" akaita.